Mfungwa Atoke na Nini?

Kila msamaha wa Rais unapotangazwa, mabishano huwa yale yale. Desemba 9, 2019, Rais Magufuli aliposamehe wafungwa 5,533, wapo waliolalamika kwamba wezi wanarudishwa mitaani, na wapo waliosema kwamba watu hao wameshajirekebisha, kana kwamba tunalazimika kuchagua kati ya gereza la kuadhibu na gereza la kurekebisha. Kwangu mimi, adhabu imeshatolewa na mahakama, nayo ni kunyimwa uhuru. Anayetiwa hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha hapa Tanzania hufungwa si chini ya miaka 30, na sijui ni nani atakayeiita miaka hiyo huruma. Kanuni za Mandela kuhusu namna wafungwa wanavyopaswa kutendewa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinaeleza kwamba kumtenga mtu na ulimwengu kwenyewe ni mateso, hivyo gereza halipaswi kuyazidisha bila sababu ya msingi.

Linalobaki kwa Magereza ni kumwandaa mtu huyo kwa siku ya kutoka. Wafungwa wetu hawakai bure: wanalima, wanafuga, wanafyatua matofali, na katika Gereza la Karanga, Moshi, kuna kiwanda cha viatu. Lakini kazi pekee haimrekebishi mtu ikiwa anatoka mikono mitupu. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alitoka gerezani akiwa seremala hodari. Stuli ya mninga aliyomtengenezea mama ntilie wa kona hadi leo haijalegea mguu. Randa na msumeno alikuwa akiazima. Hakuwa na cheti cha ufundi, na kila alikoomba kazi aliulizwa miaka yote hiyo alikuwa wapi. Sasa anasukuma mkokoteni sokoni, na ufundi aliofundishwa kwa gharama ya walipa kodi unapotea hivi hivi.

Wanaodai adhabu kali wana hoja moja nzito ambayo sisi wa upande wa urekebishaji tunapenda kuikwepa, nayo ni ya mtu aliyeporwa. Aliyeporwa pikipiki iliyokuwa ikilisha watoto wake hapati chochote kwa mwizi kulala chini ya ulinzi. Mahakama inaweza kuamuru alipwe fidia, ila mtu aliye ndani kwa miaka 30 ataitoa wapi?

Kanuni hizo hizo za Mandela zinataka mfungwa anayefanya kazi alipwe ujira wa haki, na sehemu yake iwekwe akiba akabidhiwe siku ya kutoka. Ningeongeza, na hili ni pendekezo langu, kwamba fungu jingine limwendee aliyedhulumiwa, kila mwezi, hata kama ni kidogo. Najua nitaulizwa kwa nini mfungwa alipwe wakati vijana wasio na kosa lolote hawana ajira. Ni swali la haki, lakini viatu na samani za magereza huuzwa kwa fedha taslimu, na kuzitenga fedha hizo mafungu matatu, la gereza, la mfungwa na la aliyeporwa, hakumnyang'anyi ajira kijana yeyote. Tuanze na karakana ambazo tayari zinauza bidhaa, na kila anayehitimu humo apimwe na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na kupewa cheti kama fundi mwingine yeyote.