Sabaki Haijaharibika, Nendeni

Kila mvua kubwa ikipita, hapa Malindi maneno huwa ni yale yale: msiende mlangoni mwa mto Sabaki, unapoingia baharini, pameharibika, ngojeni patengenezwe kwanza. Sikubaliani kabisa. Nilikwenda majuzi, tuktuk hadi karibu na daraja kisha kwa miguu, na sikuona cha kungojea.

Uharibifu upo, sikatai. Njia imekatwa na maji, mtu inabidi azunguke vichakani. Banda la kupumzikia wageni limebaki nguzo tupu, makuti yote yamesombwa. Magogo yamejilaza mchangani, na kwenye mikoko kumenasa chupa, malapa na magunia, mengine juu kuliko kimo changu. Taka hizi tusibebeshwe sisi peke yetu. Mto huu huko Nairobi ni Athi, ukishapokea maji ya Tsavo unaitwa Galana, ukifika kwetu ndio Sabaki. Chupa iliyotupwa mtaroni huko juu, mvua ikikolea, sisi ndio wenyeji wake. Na hakuna anayetuletea hata gunia la kuzolea!

Lakini viboko wapo. Yangeyange wapo, heroe nao wapo, wamejipanga kwenye kina kifupi kama kwamba hakukutokea kitu. Katikati ya mwaka, kusi likivuma, huja vijumbamshale wa mchangani (Kiingereza: Madagascar pratincole) kutoka Madagaska, na wapenzi wa ndege husafiri kutoka mbali kuwaona hapa hapa. Mafuriko hayajawafukuza. Mahali hapa penyewe ni kazi ya mafuriko: mchanga, matope, mikoko, hata upana wa ufuo wa Malindi, vyote vimeletwa na mto. Kamba tunaowala nao hunufaika na tope hilo. Wa kuhurumiwa ni matumbawe ya hifadhi ya bahari, iliyotengwa tangu 1968, maana udongo unaomomoka mashambani huko bara ukizidi huyafunika. Hilo dawa yake iko juu mtoni.

Walioumia hasa ni watu. Mvua za mwisho wa 2023 zilihamisha familia za Magarini na kuzamisha mashamba yaliyo kando ya mto. Vijana wanaotembeza wageni walikosa wageni kwa sababu ya maneno yetu ya "pameharibika", wakati bidhaa yao, yaani ndege na viboko, iko pale pale.

Sasa nasikia watu wakitaka pajengwe upya kwa zege, ukingoni mwa mto kabisa, na choo cha mawe na mkahawa. Jamani! Zege litapasuka mvua ijayo, na kulibomoa nako ni gharama. Banda la boriti na makuti likisombwa, mafundi wa kijiji hulisimamisha tena kwa muda mfupi na pesa zinabaki kijijini. Lijengwe juu, kwenye vilima vya mchanga, mto uachiwe bonde lake. Pesa za zege zinunue mashua nzuri na zilipe watu wa kuzoa plastiki mikokoni.

Nendeni asubuhi bahari ikiwa imekupwa, mvae viatu msivyovionea uchungu. Chukueni kijana wa pale awaongoze, maana kiboko hajui mgeni wala mwenyeji. Akiwatajia bei, msimwombe apunguze.