Kreti nne, kreti nane

Kama umewahi kukaa kwenye semina ya kazini hapa Tanzania, unaijua saa nane mchana. Wali kuku umeshashuka, feni inazungusha joto lile lile, na mwezeshaji anaona vichwa vinaanza kuinama. "Haya, wote tusimame!" Tunaruka, tunanyoosha mikono, tunapigiana makofi ya kilo. Mzee wetu wa uhasibu, amebakiza mwaka mmoja astaafu, naye kaimbishwa wimbo wa chekechea. Tukikaa tu, usingizi huo.

Sina ugomvi na kuchangamka. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba hapo tumejifunza kwa mchezo.

Mchezo wenyewe nilikutana nao baadaye, nikiwa nimeshafanya kazi ya stoo miaka kumi na minne. Ulibuniwa katika chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1960, na kwao unachezwa kwa kreti za bia. Sisi tuliweka soda, tusiwakwaze wenzetu. Mmoja ni duka la rejareja, wa pili ni jumla, wa tatu msambazaji, wa nne kiwanda. Kila "wiki" unamwandikia aliye juu yako kikaratasi cha oda, na mzigo unachelewa njiani. Kuongea marufuku. Kreti ikilala stoo inakugharimu; kreti unayodaiwa inakugharimu mara mbili yake.

Mimi nilikuwa jumla. Mzee wa uhasibu alikuwa rejareja, na kufikia wiki ya kumi nilikuwa namlaani moyoni: anaagiza kama mwenye harusi tatu! Nikaishiwa, nikaagiza zaidi, nikaishiwa tena, nikaagiza kwa hasira. Halafu mzigo wote ukaja kwa mkupuo. Bosi, aliyekuwa kiwanda, alizalisha mlima wa soda usio na mnywaji.

Mwisho mwezeshaji akafunua karatasi za mteja aliyekuwa akinunua rejareja. Wiki nne za mwanzo alinunua kreti nne nne. Kuanzia wiki ya tano, nane nane, hadi mwisho. Alibadilika mara moja tu. Fujo nyingine zote tulizitengeneza wenyewe.

Bosi alicheka, kisha akanyamaza. Mtu akasema polepole, "Si ndiyo wino wa printa huu?" Ndiyo wenyewe. Kila idara ilikuwa inaongeza kidogo "ya tahadhari", stoo tunaongeza yetu, manunuzi nao yao, hadi wino ukatukaukia kwenye makabati. Nyaraka za kukemea jambo hilo tulishazisoma na kuzisaini.

Na si kwamba kujifunza hivi ni jambo geni kwetu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima kwenye redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hakuna aliyerushwarushwa kama mtoto. Mtu mzima anakuja na kazi yake kichwani; mpe hiyo hiyo kazi aichezee, akosee bila kukatwa mshahara.

Lakini bosi naye acheze. Akisimama pembeni anapiga picha za kutuma kwenye grupu la WhatsApp, watu watacheza kwa adabu, na mchezo wa adabu haufundishi mtu. Kwenye kijiwe cha bao nje ya geti letu mlinzi humfunga mhandisi kila siku na hakuna anayeuliza cheo. Na matokeo yasiingie kwenye fomu ya tathmini, tafadhali.

Kinachonikera zaidi ni ile nusu saa ya kuzungumza baada ya mchezo. Ndiyo huwa inakatwa, eti foleni ya kusaini posho imeanza. Siku ile haikukatwa, kwa bahati tu: mwenye karatasi za posho alikwama kwenye foleni ya magari. Tukiwa tunamsubiri, mzee wa uhasibu akachukua fomu yetu ya maombi ya vifaa, akachora kwa kalamu safu mpya pembeni: *Mwezi uliopita ulitumia ngapi?* Ameshastaafu. Safu ipo, na watu bado wanaichukia.