Mtaalamu wa risasi aliyekataa kusema ndiyo

Tangu Marekani ifungue Machi 2025 lile rundo la faili za mauaji ya Rais John F. Kennedy, aliyepigwa risasi Dallas mwaka 1963, simu yangu haijapumua. Kila kundi lina mchambuzi wake. Juzi nimetumiwa video ya bwana mmoja aliyekaa mbele ya ubao, miwani imeshuka puani, anachora njia ya risasi moja ambayo uchunguzi rasmi ulisema ilimpita Kennedy na kumjeruhi Gavana John Connally wa Texas, aliyekaa mbele yake garini: inapinda kulia, inasimama hewani, inapinda kushoto, kisha anaigeukia kamera na kuuliza, "Ndugu watazamaji, hii ni risasi au ni nyoka?" Chini yake vicheko mfululizo. Halafu anatoa hukumu yake: wataalamu wa silaha waliofika mbele ya Tume ya Warren, iliyoundwa kuchunguza mauaji hayo, walikaririshwa, na kazi yao ilikuwa kujibu ndiyo mzee kwa kila swali.

Ya nyoka niliyavumilia. Mchoro ule unamkalisha Gavana Connally mbele ya Kennedy sawasawa, bega kwa bega na kimo kwa kimo, kama abiria wa matatu. Kiti cha Connally kilikuwa cha kukunja, kiko chini kidogo, na kimesogea ndani kuelekea katikati ya gari. Wakalishe watu walivyokaa, mstari unanyooka. Tuendelee.

Hiyo ya "ndiyo mzee" ndiyo iliyonipandisha. Ni uongo wa uvivu. Ushahidi wote ulichapishwa Novemba 1964, juzuu 26, na leo unasomeka bure kwenye simu ileile unayotumia kusambaza nyoka.

Fungua juzuu ya 3. Tarehe 31 Machi 1964, Washington, anaapishwa Robert Frazier wa maabara ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Miaka 23 kwenye fani. Kwa makadirio yake ameshalinganisha risasi na maganda kati ya mara 50,000 na 60,000, na mahakamani amesimama mara 400 hivi. Mbele yake kuna bunduki ya Kiitaliano, Mannlicher-Carcano ya milimita 6.5, namba C2766, ile Lee Harvey Oswald, mtuhumiwa wa mauaji hayo, aliyoiagiza kwa posta kutoka Chicago kwa jina la bandia, dola 19.95 pamoja na darubini yake. Kuna maganda matatu yaliyookotwa ghorofa ya 6 ya jengo ambalo tume ilisema risasi zilitokea. Kuna risasi nzima iliyookotwa kwenye machela hospitali ya Parkland, na vipande viwili vilivyokutwa sehemu ya mbele ya gari la rais.

Kazi yenyewe si uchawi. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayoizungusha risasi, na kila mtutu, kwa jinsi ulivyochongwa na ulivyotumika, una mikwaruzo yake midogo. Frazier anafyatua risasi za majaribio, anaiweka moja chini ya hadubini ya kulinganisha pamoja na ile ya tukio, anaona nusu ya hii na nusu ya ile zimegusana, kisha anazungusha taratibu mpaka mikwaruzo ikutane au ikatae kukutana. Kwa risasi ya machela na vile vipande viwili, ilikutana. Hapo alijibu bila kusita: zimetoka kwenye bunduki hii, si nyingine.

Lakini soma anavyoendelea. Je, vipande viwili vya garini vimetoka kwenye risasi moja au mbili? Kimoja ni cha ncha, kimoja cha kitako, na kingekuwa kitu kitamu sana kwa tume kusikia kwamba ni risasi moja. Akasema haiwezekani kujua. Je, risasi ya machela imepoteza uzito? Ina greni 158.6 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), na risasi mpya ya aina hiyo huwa 160 au 161. Mtu wa ndiyo mzee angesema naam, imepungua, hivyo vipande vya mkononi mwa Connally vimetoka humo. Frazier akasema risasi mpya zenyewe hazilingani uzito, kwa hiyo si lazima iwe imepungua hata kidogo. Huyo ndiye aliyekaririshwa?

(Na kwa wanaosambaza picha yake ya ubavuni wakisema haina hata mkwaruzo: igeuzeni muitazame kitakoni. Imebonyea, duara limeminywa, na madini ya ndani yametokeza nje.)

Ila mtu wangu hasa ni mwenzake, Cortlandt Cunningham, aliyekaa kitini siku iliyofuata. Yeye alikuwa na kesi ya J.D. Tippit, polisi wa Dallas aliyepigwa risasi mtaa wa Oak Cliff dakika kama 45 baada ya Kennedy. Oswald alikamatwa ndani ya jumba la sinema akiwa na bastola. Risasi nne zilitolewa kwenye mwili wa Tippit. Hapa ndipo serikali yoyote duniani ingetaka jibu moja fupi, maana bastola unayo, mtu umemkuta nayo, polisi wako amekufa, na mtuhumiwa mwenyewe keshauawa na Jack Ruby kwa hiyo hakuna wakili wa kukusumbua.

Cunningham akasema hawezi.

Akaeleza kwa nini. Bastola ile, Smith & Wesson, ilitengenezwa kwa ajili ya risasi za .38 za aina fupi. Baadaye mtu aliipanua nafasi za risasi ili ipokee .38 Special, ambayo ni ndefu na nyembamba kidogo, lakini upana wa mtutu akauacha uleule. Risasi ikiwa nyembamba kuliko mtutu haishikwi sawasawa na mifereji. Inapita ikiyumba, inaguswa hapa, inakwepa pale, na inayofuata inapita kivyake. Kisha akasema jambo ambalo mimi ningelibandika ukutani kwa kila anayejiita mtaalamu: hata risasi alizozifyatua yeye mwenyewe kwa bastola ileile, moja baada ya nyingine, hakuweza kuzilinganisha zenyewe kwa zenyewe. Kama za majaribio hazifanani, za marehemu utazilinganisha na nini?

Maganda, sawa. Ganda halipiti mtutuni. Linagongwa na pini na kusukumwa nyuma, na alama hizo zilikuwa wazi: maganda yote manne yalitoka kwenye bastola ya Oswald. Nayo yana visa vyake. Mawili yaliokotwa na shahidi kwa kijiti, akayatia kwenye pakiti tupu ya sigara, akampa polisi. Polisi huyo alidhani aliyatia alama, akaulizwa aionyeshe, hakuiona. Halafu hesabu zenyewe hazifungi: risasi tatu za kiwanda cha Western na moja ya Remington, ilhali maganda ni mawili kwa mawili. Yote haya yamo. Tume iliyaandika, ikajaribu kuyaeleza, haikuyafukia.

Tena ilifanya jambo ambalo tume za kwetu hazina ubavu nalo: ilileta mtu wa nje ya FBI. Joseph Nicol, mkuu wa ofisi ya utambuzi na upelelezi wa jinai ya jimbo la Illinois, akazipitia risasi zilezile na kusema moja kati ya nne anaiona imetoka kwenye bastola ile. Wataalamu wawili, majibu mawili, na yote mawili yakachapishwa. Mwaka 1978 kamati ya Bunge la Marekani iliyoyachunguza upya mauaji hayo ilipoleta jopo jipya la watu watano, risasi za Tippit ziliwashinda kama zilivyomshinda Cunningham.

Ndiyo maana nachukia ule mzaha. Mtu anapokuambia "hii siwezi", ndipo unapata haki ya kumwamini anapokuambia "hii naam". Cunningham na Frazier walitoka maabara moja, kwa mwajiri mmoja, chini ya presha ileile. Kama maabara ilikuwa inapika, kwa nini ipike bunduki na iache bastola mbichi? Wapishi gani hao?

Sasa, nakubali, na nakubali kwa shingo upande. Mwajiri huyo alikuwa J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI, ambaye ripoti yake ya Desemba 1963 ilishamtaja Oswald peke yake kabla tume haijamsikiliza shahidi hata mmoja. Ofisi yake ya Dallas ilichana barua aliyoiacha Oswald, na siri hiyo ikafichuka 1975. Na Oswald, akiwa keshakufa, hakuwa na mtetezi. Waliteua rais wa chama cha mawakili, Walter Craig, awe kama anamwangalizia masilahi, lakini ukisoma siku ya Frazier utatafuta maswali makali ya upande wa pili mpaka uchoke. Frazier alipoulizwa kama aliisafisha risasi ya machela kabla ya kuipima, alisema haikuwa na haja, ilikuwa safi. Safi? Imepita kwenye watu wawili, kwa mujibu wa tume yenyewe? Wakili mkorofi wa mahakama yoyote ya wilaya angekaa hapo nusu saa. Pale swali lilipita.

Na wapo wataalamu walioiponza kesi hii, ila si hao mnaowacheka. Mwaka 1978 Vincent Guinn alipima chembe za madini kwa nyutroni, akaiambia kamati kwamba vipande vyote vinatoka kwenye risasi mbili tu. Watu walipiga makofi. Miaka ya 2000 wanasayansi wa madini na takwimu waliibomoa hoja hiyo, na FBI yenyewe ikaacha kulinganisha madini ya risasi mwaka 2005. Wataalamu wa sauti, waliopima rekodi ya redio ya polisi, wakaja na asilimia 95 kwamba kuna aliyefyatua kutoka kwenye kilima cha nyasi kando ya barabara, na kamati ikaandika "njama" kwa nguvu ya namba hiyo. Aliyeanza kuitoboa ni mpiga ngoma wa Ohio aliyesikiliza santuri iliyotolewa na gazeti la picha za wanawake, ya rekodi hiyo, akasikia sauti za polisi zilizonaswa baada ya mauaji. Jopo la Akademia ya Sayansi likathibitisha 1982 kwamba milio ile ilikuja kama dakika moja baada ya risasi za kweli. Asilimia 95! Waliojiamini ndio waliokosea, na hakuna anayewachora nyoka.

Mtaniuliza Kennedy ananihusu nini. Ukiacha kwamba dola 100,000 za familia yake ndizo zilizosafirisha vijana wa Tom Mboya kutoka Kenya kwenda kusoma Marekani mwaka 1960, ananihusu kwa sababu ya kilima cha Got Alila, Kenya. Februari 1990 mwili wa Robert Ouko, waziri wetu wa mambo ya nje, ulikutwa pale, umechomwa moto na una tundu la risasi kichwani, na Wakenya tukaambiwa kwa uso mkavu kwamba huenda waziri alijiua. Tume ya Jaji Gicheru ikaanza kuwasikiliza mashahidi, wataalamu nao wakaanza kubanwa. Novemba 1991, John Troon wa Scotland Yard, polisi wa London aliyeitwa kuchunguza, akiwa ameshaanza kutaja aliowashuku, Rais Moi akaivunja tume. Amri moja, watu nyumbani.

Mkuu wa wilaya mmoja, Jonah Anguka, ndiye aliyeshtakiwa, na mwaka 1994 mahakama ikamwachia. Mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani. Nyinyi mnalalamika kwamba Wamarekani waliwapa majibu mabaya. Sisi mashahidi wetu hawakufika hata zamu ya kuulizwa mara ya pili.