Nyumba Bila Dalali: Kamisheni Inabaki kwa Nani?

Ukimuuliza mtu kwa nini anataka kununua nyumba bila dalali, atakujibu kwa neno moja: kamisheni. Tuanze nayo basi, maana hapo ndipo hesabu za wengi zinapokosea. Chukua nyumba inayouzwa 100,000, fedha yoyote ile, na kamisheni ya asilimia 4. Dalali akiondoka, 4,000 zinabaki. Mnunuzi anaziona kuwa punguzo lake. Muuzaji naye, kwa kuwa anajiuzia mwenyewe, ameshazitia mfukoni kichwani mwake. Usipozitaja mapema mnapozungumza bei, zitabaki kwake zote, na wewe utakuwa umefanya kazi ya dalali bure.

Na kazi hiyo ipo. Dalali mzuri anajua nyumba zitakazouzwa hata kabla hazijatangazwa. Anajua bei zilizolipwa kweli, si zile za kwenye matangazo, ambazo ni matumaini ya wenye nyumba tu. Tena anakaa katikati, na hili hudharauliwa sana. Mwenye nyumba anayeuza mwenyewe mara nyingi hupanga bei kwa kuhesabu kila mfuko wa saruji alioununua, na ukimwambia jiko limepitwa na wakati, anasikia umemtukana. Dalali angeyasema hayo hayo na asinune mtu.

Lakini dalali si mtu wako. Kwa kawaida analipwa na muuzaji, na analipwa biashara ikikamilika. Ukipunguziwa 5,000, yeye anapoteza 200. Biashara ikivunjika, anapoteza 4,000 nzima. Ndiyo maana hana sababu ya kukwambia usubiri wiki mbili fundi akakague paa. Wala hathibitishi umiliki, ingawa wanunuzi wengi hudhani hivyo. Hiyo ni kazi ya wakili na ofisi ya usajili wa ardhi, na usipofanya upekuzi rasmi, yaani kukagua kumbukumbu za umiliki kwenye ofisi hiyo, utatapeliwa dalali akiwepo au asiwepo. Kwa hiyo, ukimwacha dalali, fedha ya wakili usiiguse. Bei nayo mwachie mthamini anayelipwa na wewe peke yako.

Upekuzi wenyewe haulingani kila mahali. Penye mfumo wa usajili ulioanzishwa na Robert Torrens huko Australia Kusini mwaka 1858, daftari la msajili ndilo neno la mwisho, isipokuwa mambo machache kama udanganyifu. Penye mfumo wa kuandikisha hati tu, daftari linaonyesha kwamba karatasi ililetwa, basi. Wakili hana budi kuufuata mnyororo wa wauzaji kurudi nyuma miaka mingi. Kwa vyovyote vile, linganisha jina la kwenye hati na la kwenye kitambulisho herufi kwa herufi. Angalia rehani na zuio la mahakama. Mpe mpima ardhi ramani aende nayo akatafute mawe ya mipaka, kwani si ajabu ukuta wa uzio ukawa umejengwa ndani ya kiwanja cha jirani. Anayeuza kwa hati ya uwakili, yaani kwa niaba ya mwenye nyumba, aulizwe kama aliyempa yu hai, kwa sababu kwa kawaida uwakili huo hufa na mwenyewe. Nyumba ya urithi inataka msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa; mtoto mkubwa mwenye funguo hatoshi.

Upekuzi ufanyike mara mbili: kabla ya kutoa arbuni (malipo ya kutangulia), na tena siku ya malipo ya mwisho. Katikati hapo muuzaji anaweza kuiweka nyumba rehani au kuiuza kwa mwingine. Sheria ikiruhusu kuweka zuio la mnunuzi kwenye daftari, yaani ilani kwamba una dai juu ya nyumba hiyo, liweke mara tu mnapotia saini.

Jengo lenyewe lipelekee fundi au mhandisi, lakini kuna mambo utayaona mwenyewe. Funga mabomba yote, kisha simama mbele ya mita ya maji dakika kumi: ikisogea, maji yanavuja mahali. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta si neno. Ufa unaopanda kama ngazi kwenye matofali, au unaoanzia pembe ya dirisha na kupanuka zaidi ya milimita 5, unatia shaka juu ya msingi. Ukuta mmoja uliopakwa rangi mpya huku mingine imechakaa, uguse chini karibu na sakafu, kwani unyevu hufichwa hivyo. Nenda tena mvua inaponyesha.

Arbuni, ambayo mara nyingi ni asilimia 10, ikae kwenye akaunti ya amana ya wakili, isiingie mkononi mwa muuzaji. Mkataba utaje lini inarudi: upekuzi ukionyesha deni, benki ikikunyima mkopo, ukaguzi ukifichua kasoro ya msingi. Utaje pia vinavyobaki (tangi, pampu, makabati ya jikoni), maana ugomvi wa mwisho huwa ni wa vitu vidogo hivyo.

Kwa maoni yangu, kumwacha dalali kunalipa zaidi pale unapoijua nyumba tayari: unapanga humo, au ni ya jirani, au mwenyewe amekuja kwako. Ukiwa mgeni wa mji na una miezi miwili tu ya kuhama, 4,000 hizo si ghali kwa mtu atakayekupunguzia safari ishirini za bure. Na hata hapo, siku ya kukabidhiwa funguo, soma mita za umeme na maji pamoja na muuzaji, mwandike tarakimu, mtie saini wote wawili.