Muvi za kutafsiriwa: nani anafaidi, nani anaumia

Ukienda kujaziwa muvi kwenye flashi, Dar es Salaam au mji wowote wa Tanzania, swali la kwanza la muuzaji ni hili: unataka iliyotafsiriwa au ya kawaida? Wengi wanachukua iliyotafsiriwa. Picha ni ileile ya Kihindi, Kikorea au Kichina, ila juu yake yupo DJ anayekusimulia kwa Kiswahili kila kinachosemwa, na mara nyingi hata kisichosemwa. Wapo wanaomwona DJ huyu ni mwizi anayekula jasho la wenzake na kuharibu kazi zao. Wapo wanaosema bila yeye wazazi wao wasingefuata muvi yoyote ya nje kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mimi natazama za aina zote mbili, na naona kila upande una hoja nzito ambayo upande wa pili hautaki kuisikia.

Nianze na RRR, filamu ya Kihindi ya S. S. Rajamouli ya mwaka 2022, kwa lugha ya Kitelugu, ndefu kama saa tatu. Mwanzoni gavana wa Kiingereza na mkewe wamefika kijijini kwa Wagondi, jamii ya wenyeji wa India. Mtoto wa kike, Malli, anamchora hina mke wa gavana huku akiimba. Wageni wanapoondoka zinatupwa sarafu chini, na mama yake Malli anadhani ni zawadi ya ule wimbo. Kumbe ndiyo bei ya mwanawe. Mama analikimbilia gari akilia, askari anamlenga bunduki, gavana anamkataza: risasi hiyo imetoka Uingereza, imegharimu fedha, si ya kupotezwa kwa mtu kama huyu. Mama anapigwa gogo la kichwa.

Toleo la DJ nililolitazama lilimwita gavana "mkoloni" tangu anatokea. Neno hilo moja lilitosha. Mtazamaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa historia ya India ili ajue mkoloni ni mtu wa namna gani. Kila mtu hapa kasoma Vita vya Maji Maji darasani au kasimuliwa na wazee. DJ alieleza zile sarafu taratibu, akarudia habari ya risasi, na waliokuwa wakitazama wakaguna kwa pamoja. Hapo mimi siwezi kusema DJ kaharibu kitu. Kaifikisha hasira ya ile filamu kwa watu ambao maandishi ya chini ya Kiingereza yangewaacha wakiangalia picha tu.

Hili la maandishi ya chini wasomi wetu hulipita haraka sana. Wanasema mtu akitaka kufuata muvi ya Kikorea asome. Asome nini? Maandishi yanakuja kwa Kiingereza, yanapita upesi, na shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Mtu aliyeishia darasa la saba anaweza kuwa msomaji hodari wa gazeti lakini asiambulie kitu hapo chini ya skrini. Ukimkataza DJ bila kumpa mtu huyo njia nyingine, umemfungia mlango.

Sasa nije upande wa pili, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu unaniuma zaidi. Sehemu ya sita ya msimu wa kwanza wa Squid Game, mwaka 2021, tamthilia ya Kikorea ambayo wenye madeni wanacheza michezo ya watoto na anayeshindwa anauawa, ndiyo ile ya mchezo wa gololi. Ali, kijana kutoka Pakistani aliyekwenda Korea kutafuta kibarua, yuko jozi moja na Sang-woo, msomi wa chuo kikuu aliyemfadhili mwanzoni. Ali alizoea kumwita bosi, Sang-woo akamwambia amwite kaka. Mmoja wao lazima afe. Sang-woo anakaribia kushindwa, anabuni uongo, anachukua mfuko wa gololi za Ali na kumfungia mawe badala yake. Ali anazunguka vichochoro akimngoja kaka yake, hatimaye anafungua mfuko, anamwaga kokoto mkononi. Mwongozaji, Hwang Dong-hyuk, anatuachia uso wa yule kijana. Haelewi, halafu anaelewa.

Katika toleo la DJ lililonifikia, sauti haikukatika hata nukta moja. Tulishaambiwa mfuko una mawe kabla Ali hajaufungua. Alipoufungua tukaelezwa kwamba sasa anashangaa, sasa anajuta, kwamba dunia haina huruma. Ukapigwa na mzaha kuhusu kumwamini rafiki, watu wakacheka. Sikuwalaumu waliocheka. Mzaha ulikuwa mzuri. Lakini kile ambacho sehemu nzima ilikuwa ikikijenga kilikwisha pale pale, na aliyetazama toleo hilo tu atakwambia Squid Game ni ya kawaida, haina maajabu. Ndivyo alivyoletewa.

Kwa hiyo hoja ya kwamba DJ anaharibu ni ya kweli, ila si kwa kila picha. Muvi ya mapigano, ambayo steringi anaruka kutoka gorofa hadi gorofa, inabeba maneno mengi bila kuumia. Muvi ambayo uzito wake uko kwenye kunyamaza haibebi. DJ hodari angejua tofauti, na wapo wanaojua. Tatizo ni kwamba soko linamlipa kwa kuchangamsha, na halimlipi kwa kukaa kimya.

Wengine hulaani jambo hili kama uhuni wa juzi uliozaliwa kwenye vibanda umiza. Si kweli. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa Waingereza wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika, makao yake Vugiri, milima ya Usambara. Filamu zao zilizungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za jirani zikiwa na maelezo ya lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwamo, kwenye santuri zilizopigwa sambamba na picha. Picha ya mtu mwingine na sauti ya Kiswahili juu yake ni jambo la siku nyingi hapa. Kilichobadilika ni mwenye sauti. Zamani sauti ililetwa na mradi wa Waingereza wakati wa ukoloni kuja kutufundisha kilimo na usafi. Leo ni kijana wa mtaani anayechagua mwenyewe la kusema. Hilo nalihesabu kuwa maendeleo, pamoja na dosari zake.

Kisheria hakuna ubishi mkubwa. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na iko ndani ya Mkataba wa Berne. Haki ya kutafsiri kazi ni ya mwenye kazi. Kuichukua filamu bila ruhusa, kuitafsiri na kuiuza ni kosa, hata ukiwa na nia njema kiasi gani. Mashabiki wa DJ hujibu kwamba kampuni kubwa za Marekani na India hazitapungukiwa na chochote. Huenda ni kweli, lakini anayeumia si hao. Anayeumia ni mtengeneza filamu wa hapa hapa, aliyelipa waigizaji, kamera na mafuta ya gari, halafu kazi yake inashindania mteja na RRR iliyopatikana bure. Mwaka 2017 wasanii wa Bongo Muvi waliingia barabarani Kariakoo kupinga biashara ya filamu za nje zisizolipiwa kodi. Watazamaji wengi waliwabeza, wakisema watengeneze kwanza picha nzuri, waache kuivuta hadithi moja hadi sehemu ya pili ili wauze mara mbili. Lawama hiyo ilikuwa na ukweli. Ila picha nzuri inataka fedha, na fedha hairudi kama bei ya ushindani ni sifuri.

Njia ya kati ipo, na tumeshaiona. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa na sauti za Kiswahili, na watu waliifuata hasa. Azam TV nao wametuzoesha tamthilia za Kituruki zenye waigizaji wa sauti, kila mhusika na sauti yake. Hapo ukimya wa mwenye kazi unabaki mahali pake na haki inalipiwa. Bado nina malalamiko: mara nyingi Kiswahili chake kimenyooka mno, mama mkwe na mjukuu wanazungumza kama wasoma taarifa ya habari. Uhai ambao DJ anao wa bure, studio hizi hazijaupata. Sioni kwa nini zisiwaajiri hao hao ma-DJ wakaandika mazungumzo na kusimamia sauti, kisha majina yao yakawekwa mwishoni kama ya wasanii wengine. Uganda wameonyesha kwamba inawezekana: Who Killed Captain Alex?, filamu ya mwaka 2010 ya Wakaliwood, studio ya Kampala, ina sauti ya VJ Emmie, msimulizi kama DJ wetu, ndani yake, naye ni sehemu ya kazi yenyewe.

Mpaka hapo patakapofikiwa, nyumbani tunagawa. Za mapigano tunachukua za DJ, tunacheka wote. Za majonzi nachukua zenye maandishi, na mama akiwepo nasimamisha picha kila baada ya muda, namweleza walichosema, naiachia tena. Inachosha, na saa moja inakuwa mbili, lakini sehemu ya gololi aliiona hivyo, na nilipofika kwenye zile kokoto sikumwambia kitu. Alielewa mwenyewe.