Kioo bapa hakijashindwa kupinda

Jengo la umbo huru, yaani lililopinda bila kufuata umbo la kawaida, likifunikwa kwa paneli bapa, hukumu hutoka upesi: msanifu alitaka umbo laini, fedha zikapungua, mhandisi akalikatakata. Hukumu hiyo husikika hata kwa watu wa fani, na ina ukweli wake ambao nitaufikia. Lakini inaanza kuhesabu mahali pasipo. Inatazama kioo, ilhali kazi, fedha na matatizo ya miaka ijayo yamejaa kwenye maungio.

Chukua paa la ua mkubwa wa British Museum jijini London, lililofunguliwa Desemba 2000. Lina pembetatu 3,312 za kioo, vyuma 4,878 na vifundo 1,566, yaani mahali vyuma vinapokutana. Jumlisha vioo na vifundo, utapata 4,878, idadi ile ile ya vyuma. Si sadfa. Ndiyo kanuni ya wavu wowote wenye tundu moja kubwa katikati, na ni njia ya haraka ya kukagua orodha ya vifaa kabla ya kuagiza. Tundu lenyewe ni ukumbi wa duara wa kusomea, ambao haukukaa katikati kamili ya ua wa mstatili, kwa hiyo sura aliyoikokotoa Chris Williams wa Chuo Kikuu cha Bath ililazimika kutoka kwenye duara hadi mstatili huku kila upande ukiwa na umbali wake. Katika umbo la namna hiyo paneli hazirudii.

Kwa nini pembetatu? Kwa sababu kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi. Nukta tatu hukaa kwenye ubapa mmoja siku zote, hivyo sura yoyote duniani inaweza kukatwa pembetatu bapa bila hesabu ya ziada. Tena pembetatu ya chuma haipindiki pembeni hata viungo vyake vikilegea, nayo ni faida kubwa kwa paa jepesi. Ndiyo maana ofisi nyingi huanzia hapo na kuishia hapo.

Ila kigoda hicho kina bei. Kila kifundo cha ndani hupokea vyuma sita, kila kimoja kwa pembe yake, na aghalabu vyuma hivyo vina msokoto: nyuso zao za katikati hazikutani kwenye mhimili mmoja. Fundi wa kuchomelea hujikuta na kifundo ambacho upande mmoja kimeinama kulia na mwingine kushoto, na kila kimoja lazima kichongwe kwa mashine kwa vipimo vya peke yake. Sasa ondoa mshazari mmoja kati ya kila pembetatu mbili kwenye wavu ule ule. Vifundo vinabaki 1,566, paneli zinakuwa 1,656, vyuma vinashuka hadi 3,222. Theluthi nzima ya vyuma imeondoka, na kifundo cha kawaida kinapokea vinne badala ya sita.

Hapo ndipo taabu inapohamia kwenye kioo, kwa kuwa pembenne ni meza ya miguu minne kwenye sakafu mbovu. Kona tatu zikikaa, ya nne hubaki hewani. Kazi yote ya kidijitali ninayoitetea hapa inahusu kona hiyo ya nne.

Jibu la kwanza lilikuwa rahisi na zuri. Wahandisi wa kampuni ya Schlaich Bergermann, katika paa la nyumba ya viboko kwenye bustani ya wanyama ya Berlin miaka ya 1990, walichukua mkunjo mmoja na kuutelezesha juu ya mkunjo mwingine bila kuuzungusha. Kila tundu la wavu likapata pande mbili zilizo sambamba, na pande mbili sambamba haziwezi kukaa isipokuwa kwenye ubapa mmoja. Paa linapinda pande zote mbili, na kioo chake ni bapa. Mipaka yake nayo ni dhahiri: umbo lote linatawaliwa na mikunjo miwili tu.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 2006, pale Helmut Pottmann wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Vienna na wenzake walipochapisha namna ya kupata wavu wa pembenne bapa kwenye sura huru kabisa. Leo kazi huenda hivi. Umbo la msanifu huingia kwenye Rhinoceros, programu ya kuchorea maumbo, kama sura laini. Kabla ya kuchora mstari wowote wa paneli, hupimwa mpindo kila mahali: wapi panapinda kama kuba, wapi kama tandiko la farasi, wapi upande mmoja tu kama bomba. Kisha huchorwa mistari ya mpindo mkuu, yaani njia mbili zinazokatana kwa pembe mraba, moja ikifuata mpindo mkali kuliko yote na nyingine ulio hafifu kuliko yote. Wavu ukifuata mistari hiyo, kila tundu linakuwa karibu bapa tangu mwanzo. Ndipo programu, kama Kangaroo ndani ya Grasshopper, ambazo ni nyongeza za Rhinoceros, husukuma vifundo kidogo kidogo chini ya masharti matatu yanayovutana: paneli ziwe bapa, mistari ibaki mizuri, wavu usiiache sura ya asili.

Wanaofeli mara nyingi wameruka ile hatua ya mpindo. Huchukua mistari iliyokuja na faili, hubonyeza kitufe, nayo programu hutii: inaleta ubapa kwa kuliponda umbo, paneli zikawa nyembamba kama mapande ya muwa, au sura ikajaa mawimbi. Kwenye tandiko kuna mtego mbaya zaidi. Mistari ya wavu ikifuata zile njia ambazo sura hupita imenyooka, hakuna usukumaji utakaozaa paneli bapa. Dawa ni kuugeuza wavu. Na pale kileleni ambapo mpindo unalingana pande zote, mistari hupotea mwelekeo na paneli hubanana. Pahali hapo pachaguliwe mapema na msanifu mwenyewe. Programu ikiachiwa, itapaweka juu ya mlango.

Ukaguzi wake ni kipimo kimoja: umbali kati ya mishazari miwili ya paneli. Ikigusana, paneli ni bapa. Kwa kioo cha upande wa mita 1.5, milimita chache humezwa na mpira wa fremu. Zikizidi, mafundi watakilazimisha kioo kwa vibano, nacho kitaishi na mkazo huo maisha yake yote. Kama ni kioo cha tabaka mbili chenye hewa katikati, gundi ya ukingoni ndiyo huumia. Unyevu huingia, na ukungu hutanda ndani mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Kuna kipimo cha pili, ambacho kwangu ndicho utamu wa kazi yote, na hukikuti kwenye mijadala ya urembo. Simama kwenye kifundo, pima pembe nne za paneli zinazokutana hapo, jumlisha zinazotazamana. Majumlisho mawili yakilingana kwenye kila kifundo, vyuma vinaweza kukutana kwenye mhimili mmoja bila msokoto. Kifundo kinakuwa sahani nne zinazokutana wima kwenye mstari mmoja, kitu ambacho karakana ya kawaida inaweza kukichomelea na kukikagua kwa macho. Mtazamaji wa chini haoni chochote cha haya.

Na maungio hayo ndiyo yanayovuja. Kwa mita za mraba 1,000, paneli za mraba wa mita 1.5 ni kama 444, na maungio yake yana urefu wa mita 1,333. Pembetatu zenye upande huo huo ni 1,026, na maungio ni mita 2,309: karibu kilomita nzima zaidi ya silikoni. Mtu atasema nimezionea pembetatu kwa kuwa ni ndogo kuliko mraba. Sawa, zikuze hadi eneo lilingane; bado maungio ni mita 1,520. Mafundi wa jahazi walilijua hili zamani: ubao mpana hupunguza kalafati, ile pamba ya kuziba maungio, na maji hutafuta kalafati.

Upande wa pili sasa. Hoja yake nzito inahusu mwakisiko, na haijibiki kwa hesabu. Kwenye kuba la nusu kipenyo cha mita 20, paneli ya mita 1.5 huachana na sura katikati yake kwa kama milimita 28 tu, ambazo jicho halizioni. Lakini paneli jirani zinatofautiana nyuzi 4.3, na kioo huongeza mara mbili: mwakisiko wa wingu unaruka nyuzi 8.6 kwenye kila ungio. Jua la jioni likipiga, jengo linameta kama tunda lililomenywa kwa kisu butu. Punguza paneli nusu ili ruko lipungue nusu, na idadi ya paneli inakuwa mara nne, maungio mara mbili. Anayetaka ngozi isiyokatika hatapewa na ubapa.

Dubai kuna mfano ambao ninaukubali wote. Museum of the Future, iliyofunguliwa Februari 2022, imevikwa paneli 1,024 zilizopinda kwa kalibu, za chuma cha pua juu ya nyuzi zilizogandishwa kwa plastiki, na madirisha yake ni maandishi ya Kiarabu yanayozunguka jengo zima. Herufi moja hupita paneli kadhaa. Ukiikata kwa nyuso bapa, mkono wa mwandishi umevunjika. Pale mviringo ndio ujumbe wenyewe, na gharama yake ina sababu. Vilevile kioo kilichopinda kina ugumu wa umbo: ganda la yai hubeba kuliko karatasi ya unene ule ule.

Katikati ya pande hizi kuna njia ambayo watu wa pwani wataitambua mara moja. Ubao wa jahazi hukatwa bapa kisha ukapindishwa upande mmoja juu ya mataruma. Haunyooshwi kama mpira. Titani ya jumba la makumbusho la Guggenheim Bilbao, Hispania, la 1997 ni mabati ya milimita 0.38 yaliyolazwa hivyo hivyo. Katika jumba la sanaa la Fondation Louis Vuitton, Paris, matanga 12 yenye vioo kama 3,600 yalifikiwa kwa kukikaribia kila kipande kwa mpindo wa bomba, ambao ni rahisi kwa tanuri kuliko mpindo wa pande mbili.

Lakini vioo hivyo vyote siku moja huvunjika, na hapa ndipo mizani yangu inapoinama. Mjadala wa bei hufungwa siku ya uzinduzi, wakati paa linaanza kuishi. Jiwe lililoangushwa na kunguru, ngazi ya fundi wa taa, kasoro ya ndani iliyolala miaka: kioo kimoja kinapasuka. Kama kilipinda, mwenye jengo anatafuta tanuri lenye uwezo huo na kalibu iliyotumika, au faili yake. Tabaka mbili zipindishwe pamoja zisiachane hata kidogo, kisha zisafirishwe kwenye sanduku lao peke yao. Kwa jengo la Dar es Salaam au Kigali hiyo ni safari ya meli, na tundu huzibwa kwa plaiwudi mvua zikinyesha.

Kioo bapa cha pembenne kinahitaji namba sita: pande nne na mishazari miwili. Tano zinatosha kukikata. Ya sita ni ya kuhakiki. Kikiwa cha kukazwa kwa joto, lazima kikatwe kabla ya tanuri, maana baada ya hapo hakikatiki tena, kwa hiyo namba hizo ziwe sahihi mara ya kwanza. Lakini mtu yeyote mwenye meza ya kukatia na tanuri la kawaida anaweza kukitengeneza, na husafiri kimesimamishwa pamoja na mizigo mingine.

Namba hizo ziko tayari kwenye programu siku paneli zinapotandazwa kwa ajili ya kukatwa. Ziandikwe kwenye jedwali, kila safu na namba ya paneli, na namba hiyo ichongwe kwenye fremu upande wa ndani, mahali ambapo rangi haitaifunika. Jedwali litajwe kwenye mkataba kama sehemu ya makabidhiano. Lisipotajwa hubaki kwenye kompyuta ya mkandarasi wa paa, na miaka 15 baadaye fundi atapanda na tepu kupima tundu badala ya kioo, akikisia milimita ngapi mpira wa zamani umekula kila upande.