Ghorofa Tatu, Mie Nipo Chini

Tangu Daraja la Kijazi lizinduliwe pale Ubungo, Dar es Salaam, Februari 2021, nimenyang'anywa kitu muhimu sana kwenye ajira: kisingizio. Zamani ukichelewa kazini unasema tu "foleni ya Ubungo, bosi," naye anatikisa kichwa kwa huruma, maana jana yake ilimlaza njaa. Siku hizi nikitaja foleni ananitazama kwa juu ya miwani: "Foleni ipi tena? Si mmejengewa ghorofa tatu?"

Tumejengewa, sikatai. Ila mimi nakaa Kimara Temboni na kazi yangu ipo Mwenge. Daladala ikifika Ubungo inakata kushoto, inashika Barabara ya Sam Nujoma. Sasa kukata kushoto kunapanda ghorofa gani? Wanaopaa ni wanaonyoosha: wa kwenda Posta, katikati ya jiji, na wa Barabara ya Mandela wasiokata kona. Mie daraja lile nalijua tumbo tu, mgongo nauona kwenye picha za kalenda. Jioni ndiyo balaa lenyewe: natoka Mwenge, nakata kulia kurudi Kimara, na huko chini taa zipo. Juu watu wanapita vuuu, sisi tunachagua karanga dirishani.

Wala msidhani ni Ubungo peke yake. Pale Tazara, Daraja la Mfugale la 2018, wa Barabara ya Nyerere wanaruka juu kuwahi ndege. Wa Mandela wapo chini na taa zao. Nchi hii ukitaka kufaidi flaiova, kwanza uulize inaelekea wapi, ndipo utafute kazi.

Basi nikajipa moyo, angalau nyumbani tumepanuliwa barabara. Kimara mpaka Kibaha, kilomita 19.2, njia nane! Na tulilipia, maana 2017 zile nyumba za X nyekundu zilishushwa chini, majirani zangu wengine wakahama na mabati yao kichwani. Haya, barabara imekuja. Duka la Mangi sasa lipo ng'ambo. Namwona, ananiona, tunapungiana. Mke wangu anasema, "Baba Zuu, hebu kachukue gunia la mkaa kwa Mangi, si hapo tu." Daraja la waenda kwa miguu lipo, lakini gunia la mkaa na magoti yangu havipandi ngazi pamoja. Naita bajaji.

"Elfu tatu, mzee."

"Elfu tatu? Kwenda hapo pale?"

"Hapo pale ni kwa macho, mzee. Kwa tairi mpaka tukageuze kule."

Nikalipa. Mkaa wenyewe ukapikia maharage ambayo hayakuiva.

Kilichonimaliza kabisa ni shemeji yangu wa Singida. Kaja Dar kutembea, hata vumbi la basi hajaoga vizuri, jirani kampa lifti ya kwenda Posta kushangaa bahari. Jioni wakati wanarudi ananipigia simu ya video, upepo unampiga, jiji lote liko nyuma yake.

"Shemeji! Nipo juu ya lile daraja! Wewe upo wapi nikupungie?"

"Nipo chini yako hapa, shemeji. Kwenye taa."

"Chini unafanya nini sasa? Si upande!"

Kabla sijamjibu, konda akanisukuma begani: "Mzee wa simu, sogea nyuma, nyuma kweupe!"